Pakiti ya dagaa ionekaneje kwenye rafu iliyojaa?

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba dagaa wako unawakausha Ukerewe kwenye vichanja, unawafungasha katika mifuko inayoonyesha yenye lebo ya bluu, na bado wateja wa maduka ya Mwanza wanawapita, ndipo ukauliza kama ubadilishe rangi. Mimi huwachorea wasindikaji wadogo vifungashio hapa mjini, na kwa maoni yangu rangi si ya kuanza nayo. Rafu hiyo tayari imejaa bluu ya ziwa, mitumbwi, machweo na Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani hapa Mwanza. Rangi kali zaidi itaongeza kelele tu.

Anza na shaka anayokuja nayo mnunuzi. Kwa dagaa wa Ziwa Victoria shaka hiyo ni mchanga, kwa kuwa wengi huanikwa chini ufukweni. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba mnunuzi huchota dagaa kutoka kwenye gunia, huwafikicha, kisha hutazama kilichobaki kiganjani. Dukani hawezi kufanya hivyo, kwa hiyo huiinamisha pakiti, huigonga kona ya chini kwa kidole na kuichungulia kona hiyo kabla hata hajasoma jina.

Kwa mteja wangu mmoja, naye akitumia vichanja, tuliufunika mfuko wote kwa rangi ya kaki, tukaacha kidirisha cha pembetatu kwenye kona ya chini, mahali ambapo mchanga ungejikusanya kama ungekuwepo, na juu yake tukaandika: "Gonga hapa." Maneno hayo yalikuwa makubwa kuliko jina la bidhaa, jambo ambalo mwenye mali hakulipenda hata kidogo, lakini pakiti yake ndiyo iliyokuwa ikishikwa. Kufunika kuna faida nyingine: dagaa wana mafuta, na mwanga na hewa huyaharakisha mafuta hayo kuchacha, hivyo mfuko unaoonyesha kila kitu huwaharibu rangi na ladha wakiwa bado rafuni. Karatasi ya kaki peke yake haifai, maana hupitisha unyevu; lazima ndani kuwe na utando wa kuzuia hewa. (Anayeanika mchangani asiliguse wazo hili, kidirisha kitamuumbua.)

Uzito, tarehe za kutengenezwa na mwisho wa matumizi, pamoja na alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ukishapewa leseni, vipangiwe nafasi tangu mwanzo, visije vikabandikwa baadaye kwa stika juu ya mchoro. Jina na nembo visajili BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara) kama alama ya biashara kabla ya kuchapa mifuko mingi. Usajili hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Mifuko ya kuchapwa moja kwa moja huhitaji oda kubwa, kwa hiyo kwa sasa endelea na mifuko uliyonayo, uifunike kwa lebo kubwa iliyokatwa kona, na uwaombe wenye maduka waiweke usawa wa mkono, kwani ikikaa juu hakuna atakayeigonga.