Reale ya 1780: mwaka ulioandikwa si mwaka iliyochapwa

SWALI: Bibi yangu, Mungu amrehemu, aliniachia sarafu kubwa ya fedha iliyolehemiwa kitanzi cha mkufu. Ina sura ya mwanamke mnene aliyejitanda kichwa, na mwaka 1780. Jamaa mmoja ananihakikishia ina zaidi ya miaka 200. Ni kweli? Na niing'arishe kabla ya kuiuza? – Msomaji, Lamu

JIBU: Dada, mwaka huo usikubabaishe. Hiyo ni reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliyefariki Novemba 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu walikwisha kuizoea sura yake, na sarafu ngeni hawakuziamini. Basi ikaendelea kuchapwa miaka na miaka, ikiandikwa 1780 ileile. Vienna wanaichapa hadi leo. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Ethiopia, alianza kuichapa Roma. Waingereza wakafuata London mwaka 1936, kisha Bombay wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo yako yaweza kuwa ya karne ya 18, au rika la mama yako.

Herufi S.F. chini ya kifua, ambazo wauzaji hupenda kuzitaja, hazithibitishi umri. Ni za Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha Günzburg. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1805, lakini herufi zao zimebaki kwenye nakala zilizofuata.

Anza na uhalisi. Sarafu halali ina gramu 28.07, upana wa milimita 40 hivi, na fedha safi sehemu 833 kwa 1,000. Yako itazidi kidogo kwa sababu ya kitanzi. Kagua ukingo: maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yawe yameinuka, si kuchimbwa. Bandia za kumimina huwa na ukingo laini au alama ya kiungio.

Umri ni kazi ya lenzi. Lulu za bruchi begani, manyoya ya mkia wa tai, nukta kati ya maneno: kila kiwanda kilitofautiana kidogo. Piga picha kali za pande zote mbili umpelekee mtaalamu wa sarafu.

Kuing'arisha, hapana kabisa! Weusi ule ndio mkusanyaji anaoutafuta. Kitanzi nacho kiache; kuking'oa kutaacha kovu la kulehemu, na tayari kimeshapunguza bei kwa wakusanyaji. Hata hivyo ndani mna gramu 23.4 za fedha safi. Zidisha kwa bei ya siku ya gramu moja, na chini ya hapo usiuze.