Vipande vya barafu kugandana: maswali yenu na majibu

Joto la pwani likishapanda, maswali ya barafu huniletea kazi. Safari hii nimeyakusanya pamoja, kwa sababu mengi yana chanzo kimoja: unyevu uliobaki juu ya kipande. Barafu kavu haishikani kirahisi. Barafu yenye maji hushikana.

Dada, nauza juisi ya ukwaju na ya miwa hapa Temeke. Jioni nagandisha barafu kwenye trei, usiku kabla ya kulala namimina kwenye mfuko, asubuhi nakuta jiwe moja. Nalipigiza sakafuni mpaka mfuko unapasuka. Nifanyeje?

Pole na kazi, mama. Tatizo linaanza hapo usiku. Maji huganda kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo kipande kinaweza kuonekana kigumu huku katikati bado kuna maji. Ukikimwaga kikapata ufa, maji yale yanatoka, yanaingia katikati ya vipande na kuganda upya. Umejitengenezea gundi. Acha trei ilale ndani ya friza mpaka asubuhi.

Kisha angalia chombo unachohamishia. Kontena lililotoka kabatini, kwa joto la Dar, huyeyusha uso wa kila kipande kinacholigusa. Liingize kwenye friza nusu saa kabla, likiwa kavu kabisa. Chagua lililo pana na fupi kuliko lenye kina, maana vipande vya chini vikilemewa na uzito wa vya juu hushikana upesi zaidi.

Kutoa vipande, pinda trei kwa mikono miwili. Usiiweke chini ya bomba. Kama trei yako ni ngumu na haitoi bila maji, fanya hivi: tandaza vipande kwenye sinia lililopozwa, vifute kwa kitambaa safi kikavu, virudishe kwenye friza vikiwa vimeachana kwa nusu saa, ndipo uvikusanye. Kwa mtu wa biashara, hatua hii ya sinia naisisitiza kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayokupa barafu ya kuchota kipande kimoja kimoja mteja akiwa amesimama mbele yako. Siku ya kwanza litikise kontena mara mbili tatu. Muungano ulio mchanga huachia kwa mtikiso mdogo tu.

Na pale mezani, weka wavu ndani ya deli, upande wa chini, ili maji yanayoyeyuka yashuke, barafu ibaki juu.

Friza yangu ni ya kisasa, haijengi barafu ukutani. Natoa vipande vikiwa vikavu, lakini baada ya siku chache vinashikana tu. Kwa nini? (Mombasa)

Friza za aina hiyo hazijengi barafu ukutani kwa sababu zina kipasha joto kinachowaka kila baada ya muda kuyeyusha ule ukungu mweupe kwenye koili, yaani mabomba ya ndani yanayopoza hewa. Joto hilo ni la muda mfupi, ila hewa ya ndani hupanda kidogo, hasa karibu na tundu la feni. Sogeza kontena mbali na tundu hilo na mbali na mlango.

Pia chunguza mpira wa mlango. Bana karatasi kati ya mlango na friza, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, hewa ya Mombasa yenye unyevu inaingia usiku na mchana na kutua juu ya barafu yako. Osha mpira kwa maji ya sabuni kwanza. Mara nyingi ni uchafu tu unaouzuia kufunga.

Joto linalofaa ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Mwaka 1850 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alieleza jinsi vipande viwili vya barafu inayoanza kuyeyuka vinavyoungana vikigusanishwa. Uso wa barafu huwa na utando mwembamba sana ulio kama maji, hata chini kidogo ya sifuri. Ukinaswa katikati ya vipande viwili, unaganda na kuwa kiungo. Baridi ikizidi, utando huo unapungua. Kwa hiyo friza inayoishia nyuzi tano au sita chini ya sifuri itagandisha maji, lakini haitakutunzia vipande.

Nikinyunyizia chumvi kidogo vitaachana?

Hapana, usifanye. Chumvi huyeyusha barafu na kuongeza unyevu uleule tunaoukimbia, na juisi itaharibika ladha. Sukari nayo hivyo hivyo.

Barafu yangu inanuka samaki.

Barafu hushika harufu za jirani zake. Funika vipande kwa mfuniko unaobana, na samaki naye afungwe vizuri. Ile iliyokwisha kunuka imwage.

Shikamoo. Huku Muscat vipande vyangu havigandani, bali vinapungua na kuwa vya mviringo. Je, vinayeyuka?

Marahaba mwanangu. Haviyeyuki. Barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, na hewa kavu ya feni huharakisha jambo hilo. Havina madhara. Mfuniko utapunguza hasara.

Umeme ukikatika kutwa nzima, barafu ikaloa na kuganda tena, naweza kuiuza?

Kwanza usifungue mlango. Mwongozo wa Marekani wa usalama wa chakula unasema friza iliyojaa hushika baridi kwa takriban saa 48, iliyo nusu saa 24, mlango ukiwa umefungwa. Friza tupu haifiki mbali, kwa hiyo jaza nafasi kwa chupa za maji yaliyoganda. Ukikuta vipande vimeloa, mwaga maji ya chini kabla umeme haujarudi, la sivyo utapata bonge.

Kuhusu kuuza, inategemea maji uliyoanza nayo na usafi wa chombo, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Kuganda hakuui vijidudu vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo. Vinaweza kukaa ndani ya barafu na kuamkia kwenye glasi ya mteja. Chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika moja nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo uyagandishe. Kama nyama au samaki walichuruzika karibu na barafu hiyo wakati umeme haupo, imwage yote hata kama inaonekana safi. Barafu ichotwe kwa koleo au upawa, kwa sababu mkono huacha vijidudu na huacha maji pia.