Mkuu, usiandike kwamba Tam Dalyell aliiokoa Aldabra peke yake

Futa hiyo aya ya kwanza. Sasa hivi, kabla hujaprinti. Unasema insha yako itaanza na "Tam Dalyell, mbunge wa Uingereza aliyekiokoa kisiwa cha Aldabra, kule Bahari ya Hindi, peke yake". Sentensi hiyohiyo, karibu neno kwa neno, niliipeleka mimi mbele ya watahini, nikarudia mwaka. Ada je? Usiniulize, mzee mpaka leo ananiuliza.

Pale chuoni nilikuwa na msimamizi, kama kazi yake ile ni kusimamia. Akaniambia wasomaji wanapenda shujaa mmoja, hao wengine wape mstari mmoja. Rasimu yangu sidhani aliifungua, ila sahihi aliweka kubwa kweli.

Mtahini akauliza mpango wa Uingereza wa kujenga uwanja wa ndege za kivita Aldabra ulifutwa lini. Nikajibu kwa mbwembwe: Novemba 1967! Na Novemba hiyohiyo, London kulitokea nini? Kimya. Nilikisikia kiyoyozi, nacho kilikuwa kibovu.

Kilichotokea ni kwamba tarehe 18 serikali ya Harold Wilson ilishusha thamani ya pauni kutoka dola 2.80 hadi 2.40, na siku chache baadaye mradi ukatupwa. Dalyell kweli aliibana serikali ya chama chake mwenyewe, Labour, kwa maswali mfululizo bungeni, na hilo linataka moyo. Lakini wanasayansi wa Royal Society, jumuiya kuu ya sayansi ya Uingereza, nao walikuwa wakipiga kelele, na hazina ilikuwa imekauka. Maswali yake yaliufanya mradi uwe aibu. Pauni iliufanya usilipike.

Kisha likaja la kunimaliza: "Na Diego Garcia?" Mwaka 1965 Waingereza waliviweka visiwa vya Chagos na Aldabra katika koloni moja jipya. Aldabra ikapona, Diego Garcia, kisiwa kimoja cha Chagos, ikajengwa kambi ya kijeshi ya Wamarekani, na kufikia 1973 wenyeji wa Chagos walikuwa wameshahamishiwa Mauritius na Shelisheli. Kobe wakubwa wa Aldabra, ndugu wa hawa wa Changuu pale Zanzibar, wakabaki kwao. Watu wakaondolewa. Kwenye kazi yangu nzima neno Chagos halikuwemo hata mara moja, ila kobe niliwapa sura yao!

Kwa hiyo ukikuta kampeni ya mbunge imeshinda, chukua tarehe ya ushindi, halafu soma kila kitu kingine kilichotokea wiki hiyo. Kila kampeni, bila kuruka. Hata Belgrano, meli ya Argentina iliyozamishwa na Waingereza katika vita vya Falklands tarehe 2 Mei 1982 wakafa watu 323: Dalyell alimwandama waziri mkuu Thatcher kwa miaka kuhusu meli hiyo, sawa, lakini mwaka 1984 nyaraka za tukio hilo zilimfikia kwa sababu Clive Ponting, ofisa wa Wizara ya Ulinzi, alihatarisha kifungo kumtumia. Ponting akashtakiwa, na mwaka 1985 jopo la raia mahakamani likamwachia. Usipomtaja huyo, utaulizwa.

Uliuliza na mengine... majimbo ya ubunge ya Dalyell? West Lothian kuanzia 1962, kisha Linlithgow kuanzia 1983 hadi alipostaafu 2005. Na kwa nini hakupewa uwaziri? Mwaka 1968 Bunge lilimkaripia rasmi kwa kuvujisha habari za kamati ya Bunge kuhusu Porton Down, kituo cha Uingereza cha utafiti wa silaha za kemikali na za kibayolojia. Anzia hapo.

Aya mpya ikiwa tayari itupe hapa tuione, kabla msimamizi wako hajaweka sahihi.