Geji za Land Rover ya zamani: fungulia mbele, na tafuta ethi kabla ya kununua nyingine

Ukitaka kujua kama Land Rover ya zamani imefufuliwa kweli au imepigwa rangi tu, washa swichi uangalie dashibodi. Utakuta gari linang'aa nje, lakini mshale wa mafuta umelala, wa joto umepanda hadi mwisho, na mwenye gari anapima tangi kwa kijiti. Muulize, atakwambia geji zimekufa, anatafuta za mtumba. Kwa niliyoyaona kwenye Land Rover 109 yangu (ile ndefu) ya toleo la Series IIA na kwenye magari ya jamaa, geji zenyewe mara nyingi ni nzima. Kilichopotea ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, tena mara nyingi ilipotea siku ileile dashi ilipopakwa rangi.

Kwanza tuzifikie. Toa waya wa betri kabla ya kushika bisibisi, na hili si la kuambiana kwa mazoea. Kwenye Series II na IIA zenye amita (geji ya kupima mkondo wa umeme), waya mnene wa kahawia unaofika nyuma ya geji hiyo una umeme wa betri moja kwa moja, haupiti kwenye fyuzi wala swichi. Waya huo ukigusa bodi, wenyewe ndio unakuwa fyuzi: unaungua.

Halafu achana na kulala chali chini ya dashi na tochi mdomoni. Geji hizi zimetengenezwa zifunguliwe kwa mbele. Kwenye Series II na IIA paneli ni ya chuma, iko katikati ya dashi, imeshikwa na skrubu za ukingoni. Zikitoka, paneli inakuja na geji zake zote. Series III, iliyoanza 1971, ilihamishia geji mbele ya dereva ndani ya kasha la plastiki. Hapo tatizo ni umri: plastiki iliyopigwa na jua la kwetu miaka yote hiyo inapasuka kama biskuti. Mimi hulifungua kasha hilo gari likiwa limeshapata joto la mchana, na silazimishi kona hata moja.

Paneli itakuja kidogo tu, kisha itagoma. Ni kebo ya spidi. Usivute. Nenda upande wa injini, isukume kebo kupitia raba ya ukutani ili ipate urefu, kisha pitisha mkono nyuma ya geji ufungue nati yake kwa vidole.

Nyaya zipige picha, kisha uziandike moja moja kwenye tepu ya karatasi. Rangi zitakusaidia, maana zilifuata mpangilio wa Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme wa magari: kijani tupu ni umeme uliopitia fyuzi, kijani chenye mstari mweusi ni geji ya mafuta, kijani chenye mstari wa bluu ni joto, mwekundu wenye mstari mweupe ni taa za geji, mweusi ni ethi. Ila gari la umri huo limepitiwa na mafundi wengi, na kila fundi alifunga waya aliokuwa nao. Rangi ikiwa imefifia, fungua tepu ya zamani kidogo. Sehemu iliyokuwa imefunikwa bado ina rangi yake.

Sasa ethi. Geji inashikwa kwa nyuma na kipande cha chuma chenye umbo la U, na miguu ya kipande hicho inakanyaga mgongo wa paneli. Umeme unarudi kwa njia hiyo: geji, paneli, skrubu, bodi. Ukipaka rangi nzito mgongoni mwa paneli umeikata njia. Kwangua mpaka chuma kionekane pale miguu inapokanyaga na pale skrubu zinapopita. Mimi huongeza waya mweusi kutoka nyuma ya geji hadi kwenye bolti ya bodi, na sijali kama kiwandani haukuwepo.

IIA za mwishoni na Series III zina pia stabilaiza, kikopo kidogo kinachozipa geji za mafuta na joto wastani wa volti 10. Mishale yote miwili ikidanganya kwa pamoja, anzia hapo. Nacho kinapata ethi kupitia ganda lake. Ikikosekana, mishale inapanda kupita kiasi. Ukikipima kwa testa ya balbu, taa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Usikitupe, ndivyo kinavyofanya kazi. Kikiwa na alama ya TOP, ielekee juu. Kwenye magari hayo yenye stabilaiza, ukiona mshale mmoja tu ndio umelala, chomoa waya wa kwenye tangi au kwenye sensa ya joto, uugusishe kwenye bodi kidogo huku swichi imewashwa. Mshale ukianza kupanda, geji na waya ni vizima, shida iko huko chini. Unapanda polepole, usiwe na haraka nao.

Wakati wa kurudisha, weka raba mpya kwenye ukingo wa geji, vumbi la barabara za changarawe haliombi ruhusa. Kioo safisha, lakini maandishi ya ndani usiyaguse kwa spiriti, yatafutika. Nati za nyuma kaza kwa vidole. Spana itapinda ganda. Ziache zimelegea kwanza, kaa kwenye kiti cha dereva, zungusha geji mpaka maandishi yasimame sawa, ndipo ukaze. Rudisha betri ujaribu kila kitu, pamoja na taa, paneli ikiwa bado inaning'inia.

Kebo ya spidi irudi bila kona kali. Paka grisi kidogo upande wa chini tu, sehemu ya juu inayoingia kwenye geji iache kavu. Grisi hupanda na kebo ikizunguka, na ikishaingia ndani ya geji mshale utaanza kunata.