Akriliki kwenye joto la leza: hukunjwa, hupindishwa au hupinda?

SWALI: Mwalimu, assalamu alaykum. Karakana yetu hapa Langoni ina mashine ya leza ya kukatia mabamba ya akriliki (aina ya plastiki ngumu), na sasa tumeanza kutumia joto la mashine hiyohiyo kuyapa mabamba umbo la visanduku na vishikio vya matangazo ya hoteli. Katika mwongozo wa wanagenzi niliandika: “Leza inayeyusha na kukunja bamba.” Mwenzangu wa Malindi akafuta, akaandika: “Leza inapinda bamba.” Ipi ni sahihi? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Kamusi peke yake haitoshi kukujibu, kwa kuwa kila kimoja cha vitenzi hivyo kinadai jambo fulani kuhusu yanayotokea ndani ya mashine, na mwanagenzi atakayeusoma mwongozo wenu atafanya kazi kwa kuyafuata madai hayo.

Nianze na kuyeyusha, ambalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Samli huyeyuka na risasi huyeyuka, yaani hupoteza umbo na kutiririka. Akriliki inayotiwa umbo haipaswi kufika huko: joto likipita nyuzi 105 za Selsiasi hivi huanza kulegea, na mafundi huipa umbo ikiwa kwenye nyuzi 150 hadi 160, nayo muda wote huo ni bamba zima. Neno lake ni kulainika. Mwale wa leza ukikusanywa kwenye nukta moja huigeuza akriliki ya hapo kuwa mvuke, ndipo bamba likakatika. Lakini ukiinua kichwa cha leza, au ukiishusha meza, mwale hutanuka, joto likaenea mahali papana zaidi, na ukipitishwa mara kadhaa juu ya mstari uleule bamba hulainika bila kukatika. Mwanagenzi aliyeambiwa ayeyushe ataendelea kulipasha bamba joto mpaka litoe mapovu, na akriliki ni kitu kinachoshika moto upesi. Hata kama hamtabadilisha lolote jingine katika mwongozo, neno hilo liondoeni.

Kuhusu kukunja na kupinda, njia nzuri ya kuvitenganisha ni kutazama vinyume vyake. Kilichokunjwa hukunjuliwa: nguo, jamvi, karatasi, mkeka. Kilichopinda hunyooshwa: msumari, fimbo, chuma. Bamba la akriliki lililokwisha kupoa halikunjuki kwa mkono, na ukilazimisha litavunjika; linahitaji kupashwa joto tena, na hapo huelekea kunyooka. Kwa hiyo kupinda ndilo neno la msingi, na mwenzako amekushinda katika hilo. Hata hivyo sikatai kukunja moja kwa moja, kwa sababu tunakunja goti na tunakunja mkono, ambavyo havilali tabaka juu ya tabaka kama nguo bali huinama penye kiungo, na upande wa kisanduku unaoinuka kwenye mstari ulionyooka unafanana na hayo. Mahali ambapo siwezi kulikubali ni pale bamba linapochukua umbo la upinde. Hapo hata kupeta, kwa maana ya kutia umbo la upinde, lingefaa kuliko kukunja.

Lakini sentensi ya mwenzako nayo ina kasoro, na hapa ndipo swali lenu lilipo tamu. Pinda ni kitenzi kinachoweza kuchukua yambwa, yaani kitu kinachotendwa, au kukaa bila yambwa: fundi hupinda chuma, na njia hupinda. Mafundi wa majahazi wa Matondoni wanaijua tofauti hiyo kwa kazi, kwani taruma, yaani mbavu za jahazi, hutafutwa kwenye mti uliopinda wenyewe tangu ulipokuwa ukikua, si mti uliopindwa na mtu. Sasa ndani ya mashine yenu ni nani anayepinda? Mbinu hii ilielezwa mwaka 2013 na watafiti wa Taasisi ya Hasso Plattner iliyoko Potsdam, Ujerumani, na sehemu kubwa ya uzuri wake ni kwamba hakuna mkono wala kibano kinacholigusa bamba: leza hukata kingo, kisha hulainisha mstari, na kipande kisichoegemea kitu huinama chini kwa uzito wake chenyewe. Leza haipindi kitu. Inalainisha tu, na uzito ndio unaofanya kazi iliyobaki. Ukisema “leza inapinda”, na yambwa ikawa mbali kidogo au ikaachwa, msomaji anaweza hata kudhani kwamba ni mwale wenyewe unaokwenda kombo.

Kwa kazi ya mtu, basi, ningetumia pindisha, kwa sababu kiambishi chake cha kusababisha kinaonyesha wazi kwamba kuna mtendaji. Hili litawafaa mnapotumia waya wa moto na kulibonyeza bamba kwa mkono. Kwa linalolipata bamba lenyewe kwenye leza, tumieni pinda bila yambwa. Epukeni pindua, ambalo nimeliona katika maelezo ya kazi za plastiki: kupindua bamba ni kuligeuza juu chini.

Sentensi yenu ningeiandika hivi: “Tawanya mwale, upitishe juu ya mstari mpaka bamba lilainike na kupinda kwa uzito wake, usiliguse mpaka lipoe.”