Barua kwa mwanangu: ukizima gari betri haijazimika

Mwanangu,

Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara mbili. Unasema jumamosi unashusha stata (ile mota inayozungusha injini ipate kuwaka) mwenyewe, video umeshaangalia za kutosha, umebaki na swali moja tu: ukizima gari na kuchomoa ufunguo si inatosha, betri ya nini kuifungua wakati ni volti 12 tu na ukiishika vichwa vyote viwili kwa mikono husikii chochote?

Haitoshi mama. Na hapo kwenye "volti 12 tu" ndipo wengi tumeingia mkenge, mimi nikiwa wa mbele.

Ni kweli betri haikurushi, umeme mdogo kiasi hicho haupiti kirahisi kwenye ngozi kavu. Lakini spana siyo ngozi. Spana ikilala katikati ya chanya na hasi, au katikati ya chanya na bodi ya gari, hiyo ni shoti, na betri inatema ilichonacho chote kwa mpigo mmoja, ni mamia ya ampea na ikiwa nzima imejaa inaweza kupita 1,000. Mashine ya kuchomelea vyuma ya kawaida inafanya kazi na ampea 100 mpaka 200 hivi. Sasa piga hesabu umeshika nini mkononi.

Lile kovu la mviringo kwenye kidole changu, ulipokuwa mdogo nilikuwa nakuambia niliungua na sufuria. Muongo mimi. Nilikuwa nafungua betri ya gari yetu ya kwanza kabisa, nina haraka, nikaanza na chanya, kidole chenye pete ya ndoa kimekumbatia spana, na upande wa pili pete imeegemea kile chuma kinachoshikilia betri. Hata cheche sikuiona vizuri, nilisikia "tsss" kama tone la maji kwenye pasi. Pete ilipata moto kabla sijajua ni nini kinaniunguza, na haikutoka, maana kidole kilishavimba chini yake. Mama yako akakiingiza kwenye ndoo ya maji, hospitali wakaikata pete na kale kamsumeno kao kadogo. Shoti yenyewe nadhani haikufika sekunde moja. Kwa hiyo pete, saa, bangili na hiyo cheni yako ya shingoni vyote vinabaki ndani ya nyumba, cheni hasa, maana ukiinama inaning'inia hapo hapo juu ya vichwa vya betri.

Turudi kwenye stata. Nyuma yake utaona waya mnene umefungwa na nati. Huo unatoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri, na magari mengi hauna hata fyuzi kwa sababu stata inakula umeme mwingi sana inapozungusha injini. Ufunguo hauugusi kabisa huo waya, ufunguo unaamrisha kale kawaya kembamba ka pembeni tu. Yaani gari imezimwa, ufunguo uko mfukoni, wewe uko chini umelala chali unalegeza nati yenye umeme saa 24, na kila chuma kilichokuzunguka, injini, chasisi, mabano, vyote ni hasi. Utageuzaje spana pale bila kugonga kitu? Alafu uso wako uko chini yake.

Ndiyo maana betri inafunguliwa kwanza na unaanza na HASI. Siyo ushirikina wa mafundi. Bodi nzima imeungwa na hasi, kwa hiyo ukiwa unalegeza hasi spana ikigonga bodi hakuna kinachotokea, hasi imekutana na hasi yenzake. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi ndiyo hiyo ya pete yangu. (Yapo magari ya zamani sana chanya ndiyo ilikuwa kwenye bodi, lakini lako siyo, angalia tu ule waya mweusi umefungwa wapi.) Kwa kazi ya stata hasi peke yake inatosha, chanya iache na kifuniko chake. Ila ule waya wa hasi ukishautoa usiuache hivi hivi, ni mgumu, una tabia ya kujirudia mahali pake kama umetumwa, uvingirishe kitambaa kikavu na uufunge pembeni mbali na betri. Na kabla hujautoa hakikisha ufunguo unao wewe, watu wamefungiwa nje na gari yao wenyewe hivyo.

Kuna kitu kingine ambacho hukuuliza. Betri ikichajiwa inatoa hewa ya haidrojeni, haina rangi wala harufu, na ikifika asilimia 4 tu kwenye hewa inawaka. Hukaa hapo juu ya betri kwa muda hata chaji ikishatolewa. Namkumbuka jamaa tuliyekuwa tunafanya naye kazi, alifungua vifuniko akawasha kiberiti aangalie maji yamefika wapi, betri ikapasuka, na bahati yake ilikuwa miwani ya kawaida tu ya kusomea, vioo vyote viwili viliingia madoadoa ya asidi. Tumia tochi. Na chaja izime kwanza ukutani ndiyo utoe vibanio, usivibandue inawaka. Ukisikia harufu ya yai bovu, au ukaona betri imevimba tumbo, zima chaji, fungua milango, usiiguse mpaka ipoe, na hiyo ni ya kubadilisha, usiionee huruma.

Asidi yenyewe haina kelele. Ikikudondokea kwenye jinzi huoni kitu, unafua, unaanika, kesho yake unakuta matundu kama imeliwa na panya. Sasa jicho halina kesho ya kusubiri. Vaa miwani ya kazi, na asidi ikikuingia jichoni usifikiche, suuza na maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi huku jicho limefunguliwa, ndiyo uende hospitali. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa usiukwangue kwa kucha, hasi ikishatoka mwagia maji ya uvuguvugu yenye bekingi soda, utaona yanachemka povu, povu likitulia suuza. Vifuniko viwe vimefungwa, hiyo soda isiingie ndani. Na kama betri yako ni ya kuongeza maji, ongeza yale yaliyosafishwa tu, siyo maji makali, yaani asidi, watu wanachanganya kwa sababu vyote vinaitwa maji ya betri.

Kurudisha: stata imefungwa imekaza, ndiyo hasi inarudi, ya mwisho kabisa. Kacheche kadogo ni kawaida, taa ya mlangoni na kompyuta za gari zinaamka. Likipiga cheche kubwa achia, kuna kitu umefunga vibaya kule chini.

Na kama betri itakuwa imelala itabidi ubusti, yaani uazime umeme wa betri ya gari jingine kwa nyaya mbili: nyekundu kwenye chanya ya iliyokufa, kisha chanya ya nzima, nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ile ncha ya mwisho ibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lako, mbali na betri, kwa sababu cheche inatokea hapo na hewa niliyokuambia iko kule. Kutoa unarudi nyuma, cha mwisho kinatoka cha kwanza. Rafiki yako mwenye haibridi, gari la mafuta na umeme, nyaya zake za rangi ya chungwa msiziguse kabisa, zile zina mamia ya volti na zinaua, siyo mambo ya jumamosi.

Spana namba 10 iko kwenye boksi jekundu, mpini wote nimeuzungushia tepu nyeusi ya umeme, chukua hiyo usichukue ile inayong'aa. Stata ikishuka nipigie picha meno yake na brashi, vile vipande vya kaboni vya ndani, kabla hujanunua nyingine, mara nyingi ni brashi tu zimeisha.

Baba yako