Ratiba ya chakula ya wiki: anza na Ijumaa, na usimpangie samaki siku

Umeuliza uanzie wapi kupanga chakula cha wiki, nyumbani mko saba pamoja na mavyaa na shemeji, na kila saa nne asubuhi unajikuta umesimama jikoni hujui leo kunapikwa nini. Mdogo wangu, nimepita hapo. Niliolewa Lamu, Langoni, nikitokea Malindi, na mwaka wa kwanza nilipika wali na maharagwe mpaka shemeji yangu mdogo akawa anafunua sufuria na kufunika bila kusema neno.

Nikaamua kupanga. Nikachora karatasi ya siku saba na kujaza kila mraba: Jumatatu kuku, Jumanne maharagwe, Jumatano samaki wa kupaka, hivyo hivyo hadi mwisho, nikaibandika kwenye mlango wa friji. Mavyaa akavaa miwani, akaisoma yote, akaniuliza, "Na bahari umeiuliza?"

Ilikuwa mwezi wa saba, kusi, ule upepo unaochafua bahari, inavuma hasa. Jumatano nikashuka sokoni kando ya Ngome, nikakuta mafungu mawili tu ya tasi wadogo, na bei yake sikuwahi kuisikia. Nikarudi nyumbani nikitegemea angalau mchicha nilioununua Jumamosi. Nao ulishageuka ute ndani ya mfuko. Tukala wali na maharagwe.

Kwa hiyo la kwanza: kwetu huku hupangi samaki. Panga cha kulia, yaani wali, sima, chapati au muhogo, kisha penye kitoweo andika viwili. Karatasi yangu sasa inasema "Jumatano: wali mweupe, samaki, la sivyo ng'onda," yaani samaki aliyekaushwa. Kaskazi ikivuma, tuseme kuanzia Desemba hadi Machi, samaki ni wengi na hiyo "la sivyo" huihitaji. Kuanzia mwezi wa nne kusi inapoingia, weka akiba ya ng'onda, kunde, mbaazi na dengu, ndizo zitakazokutoa.

La pili, usianze na Jumatatu. Anza na siku ambazo tayari zimejipanga zenyewe. Kwetu Ijumaa ni pilau, haijadiliwi, kwa hiyo nyama nainunua Ijumaa asubuhi na nyingine naigandisha kwa mchuzi wa Jumapili. Mavyaa hufunga Jumatatu na Alhamisi, basi siku hizo mchana ni kidogo tu cha watoto wakirudi shule kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, na nguvu zote naziweka kwenye futari: muhogo wa nazi, au mbaazi na mkate wa kumimina. Umeona? Siku tatu zimeshapita na hujaumiza kichwa. Zimebaki nne.

Mboga ndizo zilizonisumbua zaidi. Nyingi zinatoka bara, upande wa Mpeketoni, zinapakiwa kwenye boti Mokowe, na mpaka zifike jikoni kwako zimeshapigwa jua. Panga kwa kuangalia kipi kitanyauka mwanzo. Mchicha uliwe siku uliyonunua au kesho yake. Bamia na biringani hufika siku ya tatu au ya nne. Kabichi, boga, karoti na viazi ndivyo vya mwisho wa wiki. Nyanya nunua nusu zilizoiva na nusu ngumu. Sasa naenda sokoni mara mbili kwa wiki, na sitaki kusikia habari za kununua kila kitu siku moja. Hiyo ni ya watu wenye friji kubwa na umeme usiokatika.

Sasa nazi, maana hapo ndipo muda unapokwenda. Kwa kilo moja ya mchele mimi hutumia nazi mbili. Usipike wali wa nazi leo na maharagwe ya nazi kesho, ukakalia mbuzi ya kukunia siku mbili. Viweke siku moja: zikune nazi zote kwa mpigo, kamua tui zito uliweke kando, rudia maji upate tui jepesi. Tui jepesi liivishie mchele na maharagwe, tui zito limalizie, na kwenye maharagwe koroga pole pole moto ukiwa mdogo, lisikatike. Likikatika chakula kinalika, ila mavyaa ataona.

Na cha nazi huchacha upesi, hasa miezi ya joto. Ndiyo maana maharagwe nayachemsha mengi mara moja, bila nazi wala kitunguu, nayagawa kwenye vibakuli vitatu: kimoja cha leo, viwili kwenye barafu. Siku ya kuyapika ni kuunga tu, nusu saa umemaliza. Kumbuka kuyaroweka usiku, na wali uliobaki usiulaze mezani mpaka asubuhi. Ukishapoa tu, friji.

Kwa wiki yako ya kwanza panga siku tatu, si saba. Waulize watu wa nyumbani kila mmoja ataje kitu kimoja anachokipenda. Mavyaa muulize wa kwanza, tena mbele ya wengine. Wangu alitaja kunde na sima, na mimi miezi yote ile nilikuwa nikihangaika kumtafutia kuku.

Ng'onda ukiinunua, ifunge gazeti mara mbili halafu uitie kwenye ndoo yenye kifuniko. Mimi niliiweka kabatini hivi hivi karibu na unga, tukala mahamri yenye harufu ya papa wiki mbili.